Maswali yenu: Mtoto anashiba, mbona kadi inasema utapiamlo?

Barua nyingi mlizotuletea safari hii zinazunguka neno moja: utapiamlo. Tumezifupisha na kuondoa majina. Majibu yametolewa na jopo letu la maafisa lishe pamoja na daktari wa watoto.

SWALI: Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Juzi kliniki wameandika kwenye kadi yake "utapiamlo wa kadiri". Nimeona aibu hata kumwonyesha baba yake. Kwetu hatujawahi kulala njaa, mtoto anakula mara tatu na anashiba. Hawajakosea kweli?

JIBU: Pengine hawajakosea, mama, na aibu iweke kando. Neno utapiamlo likitajwa, wengi wanaona mtoto mbavu nje, macho yametumbukia. Huyo yupo, lakini amefika mwisho wa safari iliyoanza mbali. Utapiamlo ni hali ya mwili kupata nishati na virutubishi pungufu ya mahitaji yake, au kuvipata kupita kiasi, au kuvipata bila uwiano. Tumbo halijui kupima hayo. Tumbo linajua ujazo tu: likijaa, mtoto anasukuma kijiko, awe amepewa chakula chenye nguvu au maji yaliyotiwa unga.

Ukirudi kliniki, uliza swali moja: kipimo kilichotumika ni kipi? Uzito kwa urefu ukiwa mdogo, huo ni ukondefu: mtoto amepungua karibuni, labda baada ya kuharisha, surua au wiki kadhaa za chakula hafifu, na anahitaji hatua za haraka. Urefu kwa umri ukiwa mdogo, huo ni udumavu: jambo limejengeka polepole kwa miezi mingi. Uzito kwa umri, ambao ndio unaochorwa kwenye kadi kila mwezi, unachanganya hayo mawili na hauwezi kukwambia ni lipi. Kuna na upungufu wa vitamini na madini, ambao mizani haiuoni kabisa.

"Wa kadiri" maana yake kipimo kimeshuka chini ya alama ya -2 lakini hakijafika chini ya -3. Sifuri ni mtoto wa katikati. Sasa hapa pana jambo ambalo halisemwi sana: hata katika watoto 100 wenye afya na lishe nzuri, wawili hivi watakuwa chini ya -2 kwa maumbile yao tu. Kwa hiyo nukta moja peke yake isikunyime usingizi. Angalia mstari. Mtoto aliyekuwa juu kisha mstari wake ukalala kwa miezi miwili au mitatu mfululizo ana tatizo, hata kama bado yuko kwenye rangi ya kijani. Na mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na mistari ya kadi tangu azaliwe, mara nyingi yuko sawa.

Hakikisha pia mizani haikudanganya. Inatakiwa isome sifuri kabla mtoto hajapandishwa, mtoto avuliwe nguo nzito na viatu, nepi iliyolowa itolewe, na isomwe akiwa ametulia. Nepi nzito na sweta vinaweza kuongeza nusu kilo, na kwa mtoto wa kilo nane nusu kilo ni kitu kikubwa.

SWALI: Mwanangu wa miezi kumi ana kilo nane. Anakunywa uji kikombe kizima asubuhi, mchana na jioni, tena uji wa unga wa nafaka saba. Ananyonya pia. Uzito hauongezeki. Nimwongeze kikombe cha nne?

JIBU: Kikombe cha nne hakitaingia, dada, na kikiingia kitasukuma nje maziwa yako. Tukae kidogo kwenye hicho kikombe, maana hapo ndipo watoto wengi wanapokwama.

Tumbo la mtoto wa umri huo linabeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Kilo nane mara 30 ni mililita 240, yaani karibu kikombe kimoja. Uji mwepesi wa kunywa kwa kawaida una unga wa gramu 50 hivi kwa lita moja ya maji. Gramu 50 za unga zina kama kilokalori 180. Kwa hiyo kikombe cha mililita 240 kina kilokalori 43 tu, na vikombe vitatu vinafika 130. Mtoto anayenyonya vizuri, wa miezi 9 hadi 11, anahitaji takribani kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Hajapata hata nusu, na tumbo limejaa mara tatu.

Kwa nini uji unakuwa mwepesi? Si uvivu. Chembe za wanga zikipata moto zinanyonya maji na kuvimba, uji unakuwa mzito kama gundi, mtoto anashindwa kumeza, mama anaongeza maji. Kila mpishi angefanya hivyohivyo. Dawa ni kuongeza nguvu ndani ya ujazo uleule.

Kwa kikombe kimoja cha mililita 240, tumia unga gramu 30, ambao ni vijiko vikubwa vitatu hivi vya kusawazisha. Pika mpaka uive kabisa. Karibu na kuepua, tia karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, kijiko kikubwa kimoja, na mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chai. Unga unatoa kilokalori 108, karanga 90 hivi, mafuta 40. Jumla inakaribia 240. Nusu kikombe tu cha uji huo, mara tatu kwa siku, kinampa kama 360. Karanga ziwe zimesagwa hasa. Punje nzima au vipande vinapalia. Kama hujawahi kumpa karanga, anza na ncha ya kijiko, mwangalie kama atatoka vipele au kuvimba midomo.

Uzito sahihi wa uji unaupima kwa kijiko: chota, kiinamishe. Uji ukitiririka kama maji, bado. Ukikaa kwenye kijiko na kudondoka kwa shida, ndio wenyewe. Anayekula uji huo analishwa kwa kijiko, hauwezi kunyweka.

Ukiona ni mzito mno kwake, kuna kimea. Loweka nafaka usiku kucha, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka zichipue, zikaushe vizuri juani, sugua uondoe mizizi na machipukizi yote, kisha saga. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kiasi cha kuwa vuguvugu ya moto, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalegea bila kuongezwa tone la maji, kwa sababu kimeng'enya cha kimea kinakata wanga vipande vidogo. Ukikitia uji ukiwa unatokota, kimeng'enya kinaungua na hakuna kitakachotokea. Wengi wanakata tamaa hapo. Uji ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena, maana unga wa kimea ni mbichi na hubeba vijidudu.

Na sasa hizo nafaka saba. Tuseme ukweli: nafaka saba bado ni kundi moja la chakula. Ukichanganya mbili au kumi, umebaki na wanga na protini hafifu. Mchanganyiko wenye maana ni nafaka na jamii ya kunde, kwa uwiano wa kama tatu kwa moja, kwa sababu kile kinachopungua kwenye protini ya nafaka kinapatikana kwenye kunde. Soya isiyoiva ni hasara; ina viini vinavyozuia protini kumeng'enywa, na vinaondoka kwa kukaangwa au kuchemshwa vya kutosha kabla ya kusagwa. Karanga usizisage pamoja na unga wa kuweka mwezi mzima. Mafuta yake yanachacha, na unga ukipata unyevu unaota kuvu. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, tena huwezi kuiona kwa macho wala kuionja. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Usimpe hata kuku.

Mafuta nayo yana kipimo. Yanaleta nishati peke yake, hayana protini wala madini, hivyo kijiko kimoja cha chai kwa mlo kinatosha. Uji hata uwe mzuri namna gani hautampa madini chuma ya kutosha: akiba aliyozaliwa nayo inaelekea kuisha akifika miezi sita. Yai, samaki aliyetolewa miiba na kupondwa, ini au nyama iliyosagwa, kimojawapo kila siku, hata kama ni vijiko viwili. Mlengo wa siku ni makundi matano kati ya manane: maziwa ya mama, nafaka na mizizi, kunde na karanga, maziwa na mazao yake, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga na matunda mengineyo.

SWALI: Nimeona wahudumu wakipima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi. Mzazi anaweza kujipimia nyumbani?

JIBU: Anaweza, na tafadhali mfanye hivyo. Utepe huo ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano: utapiamlo wa kadiri. 12.5 na kuendelea ni kijani.

Tumia mkono wa kushoto, bila nguo. Kunja kiwiko kiwe pembe mraba. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, pima urefu kati yake, weka alama ya kalamu katikati kabisa. Sasa nyoosha mkono uning'inie umelegea. Zungusha utepe juu ya alama, upitishe kwenye tundu lake, uvute hadi uguse ngozi pande zote. Usome kwenye kidirisha.

Kinachoharibika mara nyingi ni mkazo. Ukiukaza hadi ngozi ikunjamane, mtoto wa kijani anageuka njano. Ukiulegeza hadi kidole kipite chini yake, mwenye njano anageuka kijani na kurudishwa nyumbani. Kosa la pili ni kupima mkono ukiwa bado umekunjwa, msuli umejaa. Mtoto anayelia na kukakamaa msubiri anyamaze. Pima mara mbili. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, rudia ya tatu.

Mkono ukishapimwa, kazi haijaisha. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu, kisha achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata utepe ukisema kijani. Mguu mmoja tu ukivimba, tafuta sababu nyingine: jeraha, kuumwa na mdudu, maambukizi.

SWALI: Mtoto wa jirani yetu ana miaka miwili, amevimba uso na miguu, nywele zimekuwa nyekundu na zinang'oka, ngozi inabanduka. Bibi yake anasema amenenepa tu. Sisi wengine tunaona ni kwashakoo na tumechanga fedha tumnunulie nyama, mayai na maziwa ale ashibe. Tuanze na kipi?

JIBU: Anzeni na nauli ya hospitali, leo. Mchango wenu ni wa huruma, lakini sahani kubwa ya nyama na mayai inaweza kumuua mtoto huyo, na tunasema hivi bila kutia chumvi.

Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu unapunguza kasi ya kila kitu ili uishi: moyo unasukuma kidogo, figo zinachuja kidogo, ini linafanya kazi kwa kusitasita. Ndani ya seli potasiamu imevuja na sodiamu imeingia. Ukimjaza chakula kingi kwa ghafla, insulini inapanda, na fosfati, potasiamu na magnesiamu zilizobaki kwenye damu zinakimbilia ndani ya seli. Damu inabaki bila madini ambayo moyo unayategemea kupiga. Maji nayo yanarudi kwenye mishipa, moyo dhaifu unazidiwa. Ndiyo maana mtoto anaweza kula vizuri siku ya kwanza, watu wakafurahi, akafa siku ya pili au ya tatu.

Hospitali wanaanza na maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100 na protini kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Uvimbe ukianza kushuka na hamu ya kula ikirudi ndipo wanahamia polepole kwenye chakula dawa, yaani chakula maalumu cha vifuko cha kutibu utapiamlo mkali, au maziwa yenye nguvu zaidi yaitwayo F-100. Msishangae pia wakimnyima dawa ya madini chuma wiki ya kwanza, ingawa damu yake ni pungufu. Chuma kikitangulia kinaweza kuongeza nguvu ya maambukizi. Dawa za kukojoza ili uvimbe ushuke haziruhusiwi, zinamaliza potasiamu.

Mkiwa njiani, adui wawili ni sukari kushuka na baridi. Kama ananyonya, aendelee. Kama yu macho na anameza, mpeni maji ya sukari kidogo kidogo: kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa katika vijiko vikubwa vitatu na nusu vya maji safi. Mfunikeni hadi kichwani, abebwe kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi. Aliyezimia asinyweshwe kitu mdomoni.

Bibi msimlaumu. Uvimbe unaficha mifupa, na mashavu yanakuwa kama ya mtoto aliyeshiba. Lakini muulizeni kama mtoto anacheza. Mwenye kwashakoo hachezi: amenuna, hataki kuguswa, hana hamu ya chakula.

Jina lenyewe lina maelezo ndani yake. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huu mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1935 akaupa jina ambalo akina mama wa kabila la Ga la huko walikuwa wanaliita: ugonjwa wa mtoto aliyempisha mdogo wake. Mimba au mtoto mpya anakuja, mkubwa anatolewa ziwani ghafla, anapewa uji mtupu. Kwa miaka mingi ikafundishwa kwamba ni ukosefu wa protini basi. Leo maelezo hayo yanaonekana hayatoshi, kwa sababu watoto wawili wa nyumba moja wanaokula chungu kimoja, mmoja huvimba na mwingine hukonda hadi mifupa, hali iitwayo nyongea.

Akitoka na vifuko vya chakula dawa, kila kimoja ni gramu 92 na kina kilokalori 500 hivi. Ni dawa ya mtoto mmoja. Kisigawanywe kwa ndugu zake, kisikorogwe kwenye uji, na kila anapokula apewe maji safi ya kunywa, kwa sababu kifuko chenyewe hakina maji.

SWALI: Mtoto akiharisha, mama mkwe anasema tumbo lipumzishwe. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ingawa mkwe anaheshimiwa. Utumbo unaponywa na chakula. Mpe maji yenye chumvi na sukari ya vifuko vya hospitali, endelea kumnyonyesha na kumlisha kidogo kidogo mara nyingi, na umpe zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Akipona, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Hizo wiki mbili ndizo zinazosahaulika, na mtoto akiharisha tena kabla hajarudisha uzito, kila duru inamwacha chini zaidi. Aliye na utapiamlo mkali hatibiwi kuharisha nyumbani. Maji ya vifuko vya kawaida yana sodiamu nyingi mno kwake.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitatu ni mfupi, wakasema amedumaa. Ukoo wetu wote ni wafupi. Wataalamu mnazingatia hilo?

JIBU: Swali zuri, na limeshapimwa. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichaguliwa walionyonyeshwa vizuri, waliolishwa vizuri, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Katika miaka mitano ya mwanzo watoto hao walikua karibu sawasawa. Damu ya ukoo inaonekana zaidi baadaye. Ufupi wa vizazi vitatu nao unaweza kuwa ni udumavu uliorithishwa: mama aliyedumaa huzaa mtoto mdogo.

Kwanza lakini, thibitisheni kipimo. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa amelala, zaidi ya hapo amesimama, na tofauti ya njia hizo mbili ni sentimita 0.7. Visigino, makalio na kichwa viguse ubao, nywele zilizosukwa juu ya utosi zisihesabiwe.

Kama ni udumavu kweli, sehemu kubwa ilitokea ndani ya siku 1,000: 270 za mimba na 730 za miaka miwili ya kwanza. Urefu uliopotea hurudi kwa kiasi, si wote. Msimlishe wanga na mafuta mengi kwa pupa ya kumrefusha, ataongezeka upana. Mpeni yai, maziwa, samaki, kunde, mboga na matunda, na dawa za minyoo kwa ratiba ya kliniki, na vitamini A kila baada ya miezi minne hadi sita mpaka afike miaka mitano. Kapsuli yake ni ile nyekundu, yuniti 200,000. Ya buluu, 100,000, ni ya walio na miezi 6 hadi 11.

SWALI: Wangu ni mnene, kila mtu anamsifia. Daktari anasema ana upungufu wa damu. Inawezekanaje?

JIBU: Uzito unahesabu nishati, hauhesabu madini chuma. Mtoto anayekunywa maziwa ya ng'ombe na chai tamu kutwa, na biskuti katikati, anapata nishati ya kumnenepesha, ila maziwa yana madini chuma kidogo sana, na chai inayashika yale machache ya kwenye mboga yasifyonzwe. Ondoa chai. Maziwa yasizidi vikombe viwili kwa siku. Ongeza nyama, ini au samaki, na mboga za majani au kunde ziliwe pamoja na tunda chachu kama chungwa. Unene wenyewe ukipita alama ya +2 ya uzito kwa urefu, huo nao unaandikwa utapiamlo.

SWALI: Chumvi ya mawe ya baharini si ina madini joto yake ya asili?

JIBU: Hayatoshi. Nunua iliyoandikwa kwamba imeongezwa madini joto, ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Isizidi kijiko cha chai kwa mtu mzima kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimtilie kabisa.

SWALI: Shikamooni. Mzee wetu alikuwa na kilo 62, miezi minne baadaye ana 57. Anasema ni uzee tu. Tumwamini?

JIBU: Marahaba. Kilo tano kati ya 62 ni asilimia 8. Mtu mzima akipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, anachunguzwa; uzee peke yake hauondoi kilo kwa kasi hiyo. Mpelekeni apimwe sukari, kifua kikuu, tezi ya shingo na uvimbe wa tumboni, na daktari azipitie dawa anazomeza, kwa kuwa baadhi zinaua hamu ya kula.

Wakati huohuo mchunguzeni mdomo. Meno yanayouma au ya bandia yaliyolegea yanamfanya achague vitu laini vitupu, chai na mkate, na misuli inaisha. Angalieni kama anakula peke yake, kama anaona sahani vizuri, kama mkono unatetemeka. Mpeni milo midogo mitano badala ya mikubwa miwili, na kila mlo uongezewe kitu: yai lililopondwa ndani ya mchuzi, unga wa maziwa vijiko viwili kwenye uji, kijiko cha mafuta kwenye mboga. Mpimeni kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile, na muandike.